Kihisi cha Gesi Hutengenezwa kwa Kitu Gani?

Nataka kueleza jambo moja la sayansi ambalo lahusu maisha ya watu wa kwetu kuliko wengi wadhanivyo. Jambo lenyewe ni kihisi cha gesi, yaani kifaa kidogo cha umeme kinachotambua gesi iliyomo hewani na kutoa habari kabla mtu hajadhurika. Siku hizi vifaa hivyo vyauzwa hata katika maduka ya miji yetu, na watu wengi huuliza bei tu. Lakini bei si swali la kwanza. Swali la kwanza ni kifaa kimetengenezwa kwa kitu gani, maana kitu hicho ndicho kinachoamua kihisi kitapiga kelele mbele ya gesi ipi, na kitanyamaza mbele ya gesi ipi.

Kwetu Mwello, katika nchi ya mpakani ya Tororo na Busia, watu huchimba sana. Huchimba visima, huchimba vyoo, na katika wilaya ya Busia, mahali kama Tiira, huchimba mashimo ya dhahabu. Kila shimo refu lina hatari ya hewa mbaya, na wachimbaji wana kipimo chao cha tangu zamani. Hushusha koroboi au mshumaa kwa kamba mpaka chini. Moto ukizimika, hapana mtu anayeshuka. Moto ukiendelea kuwaka, mtu hushuka. Desturi hiyo ni ya busara, wala siidharau. Lakini yatupasa kujua moto ule wajibu swali gani, na swali gani hauwezi kulijibu hata kidogo.

Hewa mbaya si ya namna moja

Hewa tunayovuta ina naitrojeni karibu asilimia 78, oksijeni karibu asilimia 21, na kaboni dayoksaidi kidogo sana, karibu asilimia 0.04. Ndani ya shimo mambo matatu yaweza kutokea.

La kwanza ni kupungua kwa oksijeni. Vitu vinavyooza huitumia, na mawe yenye chuma na salfa huitumia pia yanapopata kutu. Mshumaa huzimika oksijeni ikishuka kufika karibu asilimia 16. Hapo mtu bado ana fahamu zake, ila akili yake imeanza kuwa nzito. Ikishuka chini ya asilimia 10 huzirai upesi, mara nyingi bila kuona dalili ya kumwonya.

La pili ni kuzidi kwa kaboni dayoksaidi. Gesi hii ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, basi hutuama chini ya shimo kama maji yanavyotuama. Nayo pia huzima mshumaa.

La tatu ndilo baya zaidi kwa kuwa halionekani kwa mshumaa, nalo ni kaboni monoksaidi. Gesi hii hutoka katika moshi wa injini na katika moto usiopata hewa ya kutosha. Haina rangi wala harufu. Huzishika chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu haina tena nafasi ya kuchukua oksijeni. Sehemu 3,200 tu katika sehemu milioni za hewa, yaani karibu theluthi moja ya asilimia moja, zaweza kumwua mtu katika muda wa nusu saa. Na kiasi hicho hakiuzimi moto wa koroboi. Basi mtu aweza kushuka kwa kuitumaini taa inayowaka, akafa taa ile ikingali inawaka.

Mwaweza kuuliza, moshi wa injini wafikaje chini ya shimo? Sababu yake ni ya fizikia. Pampu iliyowekwa juu ya ardhi haiyavuti maji kwa nguvu zake yenyewe. Huondoa hewa katika bomba, na uzito wa hewa iliyo nje ndio unaoyasukuma maji kupanda. Uzito huo waweza kuyainua maji karibu mita 10 pwani, na kwetu, kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, ni pungufu ya hapo. Katika kazi ya kila siku pampu hufika mita 6 au 7, basi. Shimo likizidi kimo hicho na maji yakijaa, mchimbaji hushawishika kuishusha injini yenyewe ndani ya shimo ili iwe karibu na maji. Injini hunguruma, maji hutoka, na moshi wabaki. Baada ya maji kwisha, watu hushuka.

Kwa hiyo shimo moja lauliza maswali matatu, na mshumaa wajibu mawili tu. Hapo ndipo tunapohitaji kihisi, na hapo ndipo swali la kuchagua kitu cha kukitengenezea linapoanza.

Kabla ya umeme

Taabu hii si yetu peke yetu. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza waliipata kabla yetu. Mwaka 1815 Humphry Davy aliwatengenezea taa iliyozungushiwa wavu wa waya, ambayo mwali wake hubadilika umbo penye gesi ya methani bila kuilipua gesi iliyo nje. Baadaye, katika miaka ya 1890, mwanasayansi John Scott Haldane alishauri wachimbaji wachukue wanyama wadogo kwa ajili ya kaboni monoksaidi, na ndege wadogo waitwao kanari wakachukuliwa shimoni katika vizimba. Ndege huyo hupumua upesi kuliko mtu, basi huanguka kwanza, na watu hupata nafasi ya kukimbia. Ndipo mwaka 1986 ilipoamuliwa huko Uingereza kwamba kanari waondolewe na vihisi vya umeme vichukue mahali pao.

Twaona basi kwamba hata watu wale walikuwa na taa kwa gesi moja na ndege kwa gesi nyingine. Hawakutumaini kipimo kimoja kwa hatari zote.

Bati, jiwe la nchi zetu

Kihisi cha bei ndogo kinachopatikana sana leo hutengenezwa kwa oksaidi ya bati. Msidhani nasema mabati ya paa, maana hayo ni chuma kilichopakwa zinki. Nasema bati lenyewe, madini yale ya kulehemia waya za redio. Oksaidi yake ndiyo jiwe linalochimbwa Kyerwa katika Tanzania, na Mwirasandu katika kusini-magharibi ya Uganda. Jiwe hilo na unga uliomo ndani ya kihisi ni kitu kimoja kwa kemia. Tofauti ni usafi na udogo wa chembe zake.

Habari ya uvumbuzi wake ni fupi. Mwaka 1953 Walter Brattain na John Bardeen wa Marekani walionyesha kwamba gesi zinazogusa uso wa jermani, ambayo ni nusu-kipitishi cha umeme, huubadilisha uso huo kwa upande wa umeme. Mwaka 1962 Wajapani wawili walifuata njia hiyo kila mtu kwa upande wake: Tetsuro Seiyama pamoja na wenzake walieleza juu ya oksaidi ya zinki, na Naoyoshi Taguchi aliomba hati ya kulinda uvumbuzi wake wa oksaidi za madini, akaendelea mpaka bati likawa ndilo lililochaguliwa. Taguchi alikuwa akitafuta dawa ya milipuko ya gesi ya kupikia katika nyumba za Japani. Vihisi vyake vilianza kuuzwa mwaka 1968. Hatari aliyoiona yeye sasa ni yetu pia. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gesi ililipuka katika mtaa wa Embakasi, Nairobi, watu wakafa na mamia wakaumia.

Sasa kihisi cha bati hufanyaje kazi? Nusu-kipitishi ni kitu kinachopitisha umeme, lakini kwa shida, na shida hiyo yaweza kuzidi au kupungua. Tuchukue mfano wa magari ya mizigo pale Malaba. Chembe za umeme, yaani elektroni, ni kama magari; na kila mpaka baina ya punje moja ya bati na ya pili ni kama kituo cha forodha. Punje zikiwashwa moto kufikia digrii 200 hadi 400, oksijeni ya hewani hukaa juu ya uso wake na kushika elektroni. Elektroni zikishikwa, njia huzibwa, na umeme hupita kwa taabu. Ikija gesi inayoweza kuungua, kama methani, gesi ya kupikia au kaboni monoksaidi, huungana na ile oksijeni iliyo juu ya punje na kuondoka nayo. Elektroni zilizoshikwa hurudishwa, kituo hufunguliwa, magari hupita. Mkondo wa umeme huongezeka, na king'ora hulia.

Kutokana na maelezo hayo twaweza kujua sababu ya mambo manne wanayoyafanya watengenezaji. Punje hufanywa ndogo kabisa, chini ya nanomita 10, wakati unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Maana kadiri punje ilivyo ndogo, ndivyo uso wake unavyozidi kuutawala mwili wake. Unga huachwa na matundu mengi ili gesi ipenye. Huongezwa paladiamu kidogo, ambayo ni kichocheo, ili gesi iungue upesi na kwa joto dogo zaidi. Na huwekwa waya wa kupashia moto. Lakini kila faida ina gharama yake. Punje ndogo mno zikikaa motoni siku nyingi huungana na kuwa kubwa, kihisi kikapoteza ukali wake. Na waya wa moto hula umeme, basi betri ndogo haidumu.

Yale tuliyoyaona darasani

Chama chetu cha sayansi kilipata kihisi kimoja cha bati, cha aina ile ya bei ndogo, na mwalimu wetu akaturuhusu kukijaribu pamoja na mshumaa. Tulichukua vipande vya mawe ya chokaa, kama yale ambayo kiwanda cha Tororo hutengenezea saruji, tukavimwagia asidi katika chupa. Mawe ya chokaa yakipata asidi hutoa kaboni dayoksaidi. Tukaielekeza gesi ile kwa mpira mpaka chini ya debe. Mshumaa uliposhushwa ndani ya debe ulizimika mara moja. Kihisi kiliposhushwa hakikulia.

Kisha tukalipeperusha debe mpaka likawa na hewa safi, tukaweka ndani yake pamba iliyotiwa matone machache ya spiriti, mbali na moto wote. Safari hii kihisi kililia kabla hakijafika chini. Mbele ya chungu cha pombe ya ulezi kililia vilevile, jambo lililowachekesha wote. Mshumaa uliowekwa mezani karibu na chungu uliendelea kuwaka kama kawaida. (Kaboni monoksaidi hatukuijaribu, wala mwanafunzi asijaribu kuitengeneza.)

Kwa nini kihisi kilinyamaza mbele ya gesi iliyouzima mshumaa? Kwa sababu kaboni dayoksaidi imekwisha kuungua. Ni majivu ya moto, kwa kusema hivyo. Haina hamu ya kuitwaa oksijeni iliyo juu ya punje za bati, basi hairudishi elektroni, na njia yabaki imezibwa. Kwa nini kililia mbele ya pombe? Kwa sababu mvuke wa pombe huungua, na bati halijali jina la kitu kinachoungua. Hapo tulijifunza sifa mbili ambazo watu huzichanganya. Kuhisi gesi iliyo kidogo sana ni sifa moja. Kutofautisha gesi hii na ile ni sifa nyingine. Bati lina sifa ya kwanza kwa wingi, na ya pili kwa uchache.

Unyevu pia hulisumbua bati, kwa kuwa mvuke wa maji hukaa juu ya zile punje. Kihisi kilichosawazishwa katika chumba kikavu hakitasema sawasawa ndani ya kisima wakati wa masika. Tena bati lahitaji oksijeni ya hewani ili lifanye kazi yake; penye upungufu wa oksijeni maneno yake hayaaminiki.

Vitu vingine na kazi zake

Kitu cha pili ni platinamu pamoja na paladiamu katika kidonge cha alumina. Waya mwembamba wa platinamu huviringwa, ukafunikwa kwa kidonge cheupe kidogo kuliko punje ya mchele, na ndani ya kidonge hutiwa kichocheo. Kidonge hupashwa moto mpaka karibu digrii 500. Gesi inayoungua ikifika huungua juu yake, joto huzidi, na ukinzani wa waya huongezeka. Kihisi cha namna hii ni kizuri kwa methani na gesi ya kupikia, ambazo hatari yake ni kulipuka. Methani hulipuka kuanzia asilimia 5 hewani, na gesi ya kupikia kuanzia karibu asilimia 2. Lakini kwa kaboni monoksaidi hakifai, maana kiasi kinachoua ni kidogo mno kuongeza joto la kidonge. Tena chatiwa sumu na mvuke wa silikoni, wa risasi na wa salfa, nacho hufa kimya kimya, taa yake ikionyesha kwamba ni kizima.

Kitu cha tatu ni platinamu tena, lakini bila moto. Hapa vipande vya platinamu hugusa asidi ya salfa ndani ya kasha dogo, kama betri. Kaboni monoksaidi ikiingia kwa tundu dogo hugeuzwa kuwa kaboni dayoksaidi juu ya platinamu, na katika kugeuzwa huko hutoa elektroni. Mkondo wa umeme unaopatikana hulingana na wingi wa gesi. Hakuna waya wa moto, basi betri hudumu siku nyingi. Mbele yake huwekwa kichujio cha mkaa ulioandaliwa, kizuie mivuke kama ya spiriti. Hiki ndicho kihisi kinachofaa kwa kaboni monoksaidi shimoni na katika nyumba zetu, ambako watu hulala na jiko la makaa milango ikiwa imefungwa. Kasoro yake ni kwamba huikubali pia haidrojeni, ambayo hutoka katika betri za gari na za sola zinapochajiwa. Tena baada ya miaka michache huchoka, na joto kali na ukavu huimaliza asidi yake.

Kitu cha nne ni risasi, kwa ajili ya oksijeni. Kipande cha risasi na kipande cha madini yasiyoshika kutu, kama dhahabu au fedha, huwekwa katika maji ya potasi. Oksijeni ikiingia, risasi huliwa nayo, umeme hutoka. Oksijeni ikipungua, umeme hupungua. Kihisi hiki hujitumia chenyewe kama mshumaa. Hata kikikaa rafuni bila kazi, risasi yake yazidi kuliwa maadamu kimefunguliwa hewani. Anayenunua kilichotumika hununua mabaki. Kuna pia oksaidi ya zirkoni, ambayo hupima oksijeni ikiwa na moto wa zaidi ya digrii 300; hiyo imo katika bomba la moshi la magari mengi ya petroli tangu ilipoanza kutumiwa katika magari mwaka 1976. Kwa bomba la moto yafaa sana. Kwa shimo penye gesi ya kulipuka, kitu chenye moto mkali kisichokingwa hakifai.

Kitu cha tano ni dirisha. Nimeona kwamba kaboni dayoksaidi haikubali kuungana na vitu vile vingine. Basi wataalamu huitambua kwa mwanga. Gesi hiyo humeza mwanga usioonekana kwa macho, wenye urefu wa wimbi wa mikromita 4.26. Taa hutiwa upande mmoja, jicho la kupimia upande wa pili, na gesi katikati. Mwanga ukipungua, gesi ipo. Hapa pia kuchagua kitu hakukwepeki, maana kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Huwekwa madirisha ya yakuti nyeupe iliyotengenezwa kiwandani, au ya kitu kingine kinachoupitisha.

Madini mengine ya nchi zetu pia yana sehemu yake. Oksaidi ya tungsteni, madini yaliyochimbwa Nyamuliro upande wa Kabale, hutambua vizuri gesi ya naitrojeni dayoksaidi iliyomo katika moshi wa malori. Oksaidi ya shaba, madini yaliyochimbwa Kilembe kuanzia 1956, hufanya kinyume cha bati: gesi inayoungua ikija, umeme hupungua badala ya kuongezeka.

Maswali matano ya mwenye kuchagua

Kwa kuyafuata hayo yote, naona mtu anayetaka kuchagua yampasa kujiuliza maswali matano.

1. Natafuta gesi ipi? Asijibu "hewa mbaya". Ataje jina lake.

2. Kiasi gani ndicho cha hatari? Gesi ya kulipuka huhesabiwa kwa asilimia. Gesi ya sumu huhesabiwa kwa sehemu katika milioni. Kifaa cha hesabu ya kwanza hakiwezi hesabu ya pili.

3. Hewa ya mahali pale ina nini tena? Unyevu, mvuke wa pombe, haidrojeni, moshi na upungufu wa oksijeni vyaweza kukidanganya kihisi.

4. Kuna umeme kiasi gani, na moto waruhusiwa? Kijiji kisicho na umeme hakiwezi kukitunza kihisi chenye waya wa moto usiku na mchana.

5. Kitadumu muda gani, na nani atakipima? Kihisi kisichojaribiwa kwa gesi halisi iliyopimwa ni pambo.

Tukirudi kwenye mashimo ya Mwello na Busia, jibu langu ni hili. Kihisi cha bati peke yake kisitumiwe kumshushia mtu, ingawa ndicho rahisi kwa bei. Hakiioni kaboni dayoksaidi, hakina habari ya kuaminika juu ya oksijeni, na hulia kwa mambo mengi hata watu hukizoea na kukipuuza. Mahali pake ni jikoni, kando ya mtungi wa gesi, karibu na sakafu, maana gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Kwa shimo vyahitajiwa viwili kwa uchache: cha oksijeni, na kile cha platinamu na asidi kwa kaboni monoksaidi. Oksijeni ikiwa pungufu ya asilimia 19.5, mtu asishuke. Penye vitu vinavyooza, kama vyoo vya zamani, huongezwa cha methani na cha haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya mayai viza, ambayo ikizidi huiua pua yenyewe isiisikie tena. Vihisi vishushwe kwa kamba kabla ya mtu, vikae kidogo juu, katikati na chini, kwa kuwa gesi hazikai mahali pamoja.

Vifaa kamili vya namna hiyo ni ghali kwa mchimbaji mmoja, lakini chama cha wachimbaji au parokia yaweza kununua kimoja na kukiazima kwa zamu. Na penye uhaba wa fedha kuna mambo yasiyohitaji fedha. Injini isishushwe shimoni hata kwa dakika moja. Hewa isukumwe ndani kwa muda mrefu kabla ya mtu kushuka. Anayeshuka afungwe kamba, na walio juu wawe na nguvu ya kumvuta. Mtu akianguka chini, mwenzake asiruke kumfuata, kwa maana hewa iliyomwangusha wa kwanza ingali palepale, na mara nyingi wa pili hufa kabla hajamgusa wa kwanza. Mshumaa nao usishushwe penye harufu ya petroli au penye choo cha zamani, usije ukaanzisha mlipuko.

Ninyi wanafunzi wa zamani mlio mafundi, wauguzi, wafanyabiashara na viongozi wa vijiji, neno lenu lasikilizwa kuliko letu. Mkimwona mtu ananunua kihisi, msaidieni kumwuliza mwenye duka: kimetengenezwa kwa kitu gani, ni cha gesi ipi, na kilijaribiwa lini? Asiyeweza kujibu hayo ameuza kasha na taa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kihisi kikinyamaza shimoni, tusiseme upesi kwamba hewa ni njema. Tuulize kwanza kama kinaijua gesi iliyomo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita